Bwana Mifugo na Swali la Nne

Jina lake limo kwenye faili la kliniki na litabaki humo. Mimi namwita Bwana Mifugo, kama alivyoitwa na kila mtu, hata na mkewe, hata miaka mingi baada ya serikali kumpa barua ya kustaafu na kumtoa kwenye mambo ya chanjo na majosho. Siku hizi amehamia Ikungi kwa binti yake. Kabla hajaondoka nilimwomba ruhusa ya kumwandika, akakubali kwa sharti moja, nisimfanye mtu mzuri kuliko alivyo. Alikozaliwa na ukoo wake ningependa kuviacha kando, lakini vyote viwili vitajileta vyenyewe.

Mimi ni nesi wa kliniki ya sukari. Kituo chetu kipo Singida mjini, nacho sitakitaja. Alhamisi ndiyo siku ya wagonjwa wa sukari, na kwa miaka kumi na moja Bwana Mifugo alifika Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi kabla mfagiaji hajamaliza baraza. Alikuja kwa miguu kutoka Mandewa, na koti la kaki lililopauka mabegani, na kalamu mbili kwenye mfuko wa kifuani. Moja ilikuwa haiandiki. Niliwahi kumuuliza kwa nini anatembea na kalamu isiyoandika. Akasema ile ni ya kuazimisha watu.

Sote wawili tunatoka Kinyangiri. Alinizidi zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo kwangu alikuwa baba, na salamu zetu zilikuwa na urefu wake. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, habari za nyumbani? Nzuri. Za kazi? Nzuri. Mifugo haijambo? Hapo nilikuwa najibu kwamba haijambo, na mifugo sikuwa nayo. Mwaka wa pili nikanunua kuku wanne ili niache kusema uongo kila mwezi. Nilinunua kwake.

Kwenye foleni alikuwa na tabia moja iliyowaudhi baadhi ya wazee na ambayo mimi niliipenda sana. Aliwavulisha watu viatu. Alikuwa anasema kwamba ametazama kwato za mbuzi kwa miaka thelathini na tano na hakuna mbuzi aliyeona haya, sasa mtu mzima anaficha mguu wake wa nini. Basi wazee wanakaa kwenye benchi wawili wawili, huyu anautazama unyayo wa yule, na Bwana Mifugo anapita mbele yao mikono nyuma. Alipoona mpasuko kisiginoni au kidole kilichobadilika rangi alimleta mwenyewe kwangu kwa kumshika kiwiko, akisema, "Nesi, huyu asikae foleni." Nadhani kuna miguu mitatu au minne inayotembea mjini leo kwa sababu yake. Daktari wetu alimsifu mara kwa mara, naye hakuonyesha kufurahi.

Nyumbani kwake Mandewa hakukuwa na nyasi, kulikuwa na kuku. Kuku wa kienyeji tu. Wale weupe wa kukuzwa haraka aliwaita wapangaji. Kila kifaranga alipototolewa alimshika mguu na kukata kidogo ile ngozi laini ya kati ya vidole, na mahali pa mkato ndipo palipotaja mama. Mguu wa kulia, pengo la ndani, huyo ni wa kuku mweusi. Mguu wa kushoto, pengo la nje, huyo ni wa yule kishingo, asiye na manyoya shingoni. Kuku akikua, rangi ikibadilika, hata akiibwa akapatikana sokoni, Bwana Mifugo anamgeuza, anatazama mguu, anasema mama yake, bibi yake, na ugonjwa uliomuua bibi yake. Nilimsikia akibishana na mnunuzi aliyekuwa anasifia ukubwa wa jogoo.

"Usimtazame yeye," alisema. "Yeye amekula pumba zangu, lazima awe mkubwa. Niulize mama yake aliangua wangapi na wangapi walifika kutaga."

"Mzee, mimi nataka kumla tu."

"Basi sikuuzii," akasema, na kweli hakumuuzia.

Kuhusu sukari yake mwenyewe alikuwa mgonjwa mtiifu na mkaidi kwa wakati mmoja. Chai alikunywa bila sukari tangu siku ile ile daktari alipomwambia. Ugali wa sembe aliuacha akarudi kwenye ugali wa uwele, na akawa anawacheka wanaokula sembe. Dawa hakuruka hata siku moja. Lakini asali alikula, tena kwa kijiko cha mezani, kwa hoja kwamba asali ya porini inatengenezwa na nyuki na nyuki si kiwanda. Mwezi mmoja kipimo kikasoma ishirini na mbili. Nikamwonyesha. Akakitazama kile kimashine, akasema kimeharibika.

"Baba, kimepima watu tisa leo."

"Wote tisa umewadanganya. Jipime wewe tuone."

Watu walikuwa wanatusikiliza mpaka kwenye dirisha la dawa. Nikajitoboa kidole mbele yao, kikasoma tano. Akauliza kama nimekunywa chai asubuhi, nikasema ndiyo, na ya sukari. Foleni ilicheka mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini. Mwezi uliofuata aliniletea chupa nzima ya asali, akasema yeye ameacha.

Mtu wa namna hiyo, anayekubali akionyeshwa, sikutegemea anishinde kwenye jambo dogo. Alinishinda kwenye swali la nne.

Kila mwanzo wa mwaka tunajaza fomu mpya kwa kila mgonjwa. Swali la kwanza ni umri, la pili uzito, la tatu dawa anazotumia. La nne linauliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua sukari. Mwaka wa kwanza nilimsomea, akajibu, "Hakuna." Nikaandika hapana. Mwaka wa pili nikasema kwa upole kwamba labda baba umesahau, labda kuna mzee mmoja wa zamani. Akanitazama kwa utulivu kabisa.

"Mwanangu, mimi namkumbuka ng'ombe wa kwanza niliyemchoma sindano. Nimesema hakuna."

Nikaandika hapana. Nikaandika hivyo mara kumi na moja, kwa mkono wangu, nikijua kwamba si kweli. Anayetoka kwetu ataelewa bila maelezo. Mzee akishasema, mtoto haandiki kitu kingine, na mimi kwa Bwana Mifugo ni mtoto hata nikiwa na koti jeupe na wajukuu wawili.

Nilijua kwa sababu nilimwona mama yake. Nilikuwa darasa la pili na boma lao lilikuwa njiani nikienda shule. Mama yake alijikata mguu na jembe, jeraha dogo, na jeraha hilo halikupona. Alikuwa anashinda kivulini mwa ghala, pembeni yake kibuyu cha maji, na tukipita anatuita tumjazie. Tulimjazia asubuhi, tukirudi mchana kimekauka. Nyuma ya nyumba, mahali alipokuwa anakwenda haja ndogo, sisimizi walijaa mpaka ardhi ikawa nyeusi, na sisi watoto tulikwenda kuwachezea. Miaka mingi baadaye, chuo cha uuguzi, mkufunzi akatueleza kwamba zamani watu waliutambua ugonjwa huu kwa sisimizi wanaofuata mkojo. Wenzangu walicheka. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje.

Kinyangiri hakuna aliyesema sukari. Mguu ulipoanza kunuka, ndugu walikwenda kwa mganga, na mganga akasema amerogwa, akauliza nani aliwahi kuvaa kandambili za mgonjwa. Alikuwapo mtu, na hakuficha. Baba yake Bwana Mifugo alikuwa na mke wa pili, ambaye sote tulimwita Mama Mdogo, mwanamke mfupi, mcheshi, aliyetugawia karanga mbichi wakati wa kuvuna. Aliwahi kuazima zile kandambili siku moja ya mvua kwenda kisimani. Basi ikawa ni yeye.

Hata hivyo mambo yangeweza kuishia kwenye minong'ono. Ndipo Bwana Mifugo, wakati huo kijana aliyetoka chuo cha mifugo na cheti chake, akaja likizo. Ndiye pekee aliyekuwa amesoma pale nyumbani. Wakamuuliza yeye anaonaje. Alimtazama mama yake, akautazama mguu, kisha akasimama katikati ya uwanja na kusema Mama Mdogo aondoke. Mimi nilikuwa mlangoni na kibuyu mkononi. Aliondoka mchana ule ule, na furushi kichwani na tetea mmoja kwapani, akaenda kwa kaka yake upande wa Ikungi. Mama yake Bwana Mifugo alifariki kabla ya mavuno. Mama Mdogo alifariki huko huko alikokwenda, miaka mingi baadaye, na hakuna aliyetoka kwetu kwenda kumzika.

Hayo sikuyazungumza na mtu yeyote pale kliniki. Nilichojua ni kwamba kila mwaka nikisoma swali la nne, mzee aliyekuwa mbele yangu alikuwa na sababu ya kusema hakuna. Kama sukari ilikuwa ya ukoo, ilikuwemo kwenye mguu wa mama yake kabla ya kandambili, kabla ya mvua ile. Nilimwonea huruma, na huruma yangu ilikuwa rahisi kwa sababu haikunigharimu chochote.

Halafu wakaja watafiti kutoka chuo kimoja, wakitaka damu ya wazee waliovuka miaka sitini, wenye sukari na wasio nayo. Aliyewaongoza alikuwa dada mmoja mwenye miwani, mpole, anayeongea Kiswahili cha polepole ili wazee wamfuate. Akaeleza kwamba ndani ya damu kuna protini zinazochochea ukuaji, zinazoziambia chembe za mwili zikue, zijitengeneze upya, hata zinasaidia mwili kutumia sukari. Maelekezo ya kuzitengeneza kila mtu ameyarithi kwa baba na mama. Kwa watu wengine, mahali fulani katika maelekezo hayo, herufi moja inatofautiana na ya wenzao. Wao walitaka kujua kama tofauti hiyo ndogo inaandamana na sukari uzeeni.

Wazee wengi walisikiliza kwa adabu wakisubiri soda. Bwana Mifugo alisogeza kiti.

"Kwa hiyo mnatafuta mkato wa mguuni," alisema.

Nikamfafanulia yule dada habari za vifaranga. Akacheka, akasema ndiyo, karibu hivyo.

"Na mwenye mkato, lazima augue?"

"Hapana mzee. Hata kama mkato una uzito wowote hatujui bado, ndiyo maana tunatafuta. Na mtu anaweza kuwa nao akaishi salama, chakula na kazi vinachangia pia."

"Na asiye nao anaugua?"

"Anaweza."

"Kazi yenu ngumu," akasema Bwana Mifugo, na nilimwona amefurahi kama mtu aliyekutana na fundi mwenzake. Akauliza kama majibu atapewa. Dada akasema hapana, majibu ni ya kundi zima, ya mtu mmoja mmoja hawatatoa. Akakubali, akatia sahihi, akakunja mkono wa koti. Kisha dada akanipa fomu nimsaidie kuijaza, nayo ilikuwa na swali lile lile. Katika familia? Bwana Mifugo akatazama sindano inavyoingia.

"Hakuna," akasema.

Nikaandika hapana. Siku ile ndipo nilipoona aibu ya kweli. Alikuwa ametoa damu yake kwa wanaotafuta alama ya kurithi, na mimi nimewaandikia kwamba hakurithi kwa mtu.

Lakini cha watafiti ni cha watafiti. Kilichonigusa kilikuja mwezi wa sita, likizo ya shule, nilipokwenda Mandewa kuchukua mayai ya kuatamisha. Nikamkuta binti yake wa pili, mwalimu wa shule ya msingi huko Ikungi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Tukakaa jikoni. Kwa muda wa kuchagua mayai kumi na mawili alikunywa maji vikombe vinne na kutoka nje mara mbili. Akaniambia kwa kicheko kwamba viatu vyake vya kazi vimekuwa vya ajabu, siku nyingine akivaa hasikii kama amevaa.

"Umepima sukari?" nikamuuliza.

"Mimi? Baba amesema kwenye ukoo wetu haimo. Ya kwake ni ya uzee tu."

Bwana Mifugo alikuwa mlangoni na tetea mkononi. Alinisikia nikiuliza, na alimsikia akijibu. Tulitazamana. Nikafunga mayai yangu kwenye gazeti, nikashukuru, nikaondoka. Njia nzima nilijiambia kwamba nimemheshimu mzee, na nilipofika kwangu nilikuwa nimejichukia.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa ya kwake. Nilimpima, nikamwandikia dawa zake, nikafunga mlango. Nilianza na shikamoo kwa mara ya pili, kitu ambacho si kawaida, naye akaitikia kwa mashaka.

"Baba," nikasema, "mimi wale sisimizi niliwaona."

Hakuuliza sisimizi gani. Akavaa koti, akachukua fimbo yake, akatoka bila dawa zake. Mwezi uliofuata hakuja. Wa pili hakuja. Wazee kwenye benchi waliendelea kuvuana viatu kwa mazoea, wakiniuliza msimamizi wao yuko wapi, nikawaambia amesafiri. Dawa zake nilimpelekea mkewe huko Mandewa, nikampa dirishani, na mara zote mbili aliniambia mzee amelala, ingawa nilisikia sauti yake bandani akiongea Kinyiramba na kuku.

Wa tatu alikuja. Hakuja alfajiri, alikuja saa nne, foleni imejaa, akiwa ameshikwa mkono na yule binti. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu na la kulia halikuwa zima. Koti lilikuwa lile lile. Wazee wakampisha, akakataa, akakaa foleni mpaka zamu yake. Waliingia pamoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mpime huyu kwanza."

Nikamtoboa binti kidole. Kipimo kikasoma kumi na saba, na hakuwa amekula tangu jana jioni. Nikakitaja kwa sauti, kwa sababu mzee hakuweza kukisoma. Nikasubiri aniambie kimashine kimeharibika, nijipime mwenyewe. Badala yake alikunja uso, akaomba aambiwe kama wamechelewa. Nikawaambia wote wawili ukweli, kwamba figo na macho daktari atavipima leo hii, miguu ameanza kupoteza hisia lakini haina kidonda, na mtu anayeanza dawa hapo anaweza kukaa na miguu yake maisha yote. Binti alikuwa analia kimyakimya. Nilitaka kumwambia kwamba ningeweza kumwambia mapema zaidi, na nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa.

"Fomu yangu iko wapi?" akauliza Bwana Mifugo.

Nikaitoa kwenye faili.

"Soma la nne."

"Je, kuna mtu katika familia yako aliyewahi kuugua sukari? Hapana."

"Futa."

"Hatufuti baba, tunapiga mstari, tunaandika juu yake."

"Piga. Andika mama yangu. Andika kiu, na kidonda cha mguu. Andika kaka yangu mkubwa, yule aliyekufa haoni hata mkono wake. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Na wale wa chuo?"

"Nitawapigia simu leo, nao warekebishe."

Nje mlinzi alikuwa anaita namba. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuandika fomu ya binti, na swali lake la nne nikalijaza bila kumuuliza.

"Bado," akasema mzee. "Andika Mama Mdogo."

Binti akainua uso. Jina hilo hakuwahi kulisikia nyumbani kwao. "Mama mdogo yupi, baba? Naye alikuwa na sukari?"

"Hakuwa na kitu." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kumtajia mnunuzi mama wa jogoo. "Alikuwa mke wa babu yako. Walisema amemroga mama yangu mguu, na mimi nikamfukuza. Hakufanya kitu. Nesi anajua, alikuwepo. Andika hakufanya kitu."

Fomu ile haina mahali pa jambo hilo. Nimeigeuza mara nyingi, nyuma ni vipimo vya damu na sahihi ya daktari. Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo, kutoka juu kwenda chini.

"Soma."

"Mama Mdogo hakufanya kitu."

"Rudia."

Nikarudia, kwa sauti ya kawaida, binti akimshika baba yake begani. Kisha mzee akasema anataka kutia sahihi, ili asije mtu akasema nesi amejitungia. Nikamwekea fomu mbele na kidole chake mahali penyewe. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika jina lake lote polepole, na karatasi ikabaki nyeupe. Hakuona. Alikuwa amenyanyua kichwa, ametulia, amemaliza.

"Baba," nikamwambia, "hiyo ni ile isiyoandika."

Akairudisha mfukoni, akatoa ya pili, akaanza upya.